Sheria ya ziwa inamlinda nani: furu, sangara au mwenye kizimba? (Uzi mrefu)

Kayenze_Ndogo (mleta mada)

Wakuu, salaam kutoka Mwanza.

Kwenye magrupu ya huku Kanda ya Ziwa mjadala ni mmoja. Vijana wa vizimba, wanaofuga samaki kwenye nyavu zinazoelea ziwani, wanalia kwamba masharti ya mazingira yanawanyonga kabla hata hawajapandikiza kifaranga kimoja. Wengine wanasema ziwa linauzwa kwa jina la uwekezaji. Nimesoma matusi ya kutosha pande zote mbili, nikaona nilete hapa ambako mtu akibisha angalau anatoa sababu.

Msimamo wangu nauweka mapema, asiye na muda asome aya hii tu aanze kunishambulia. Sheria zetu za kulinda viumbe hai zimekaza pale ambapo kosa linarekebishika na zimelegea pale ambapo ukikosea hakuna kurudi. Ilitakiwa iwe kinyume. Linalorekebishika tuwaachie watu wajaribu, wapate hela, wakiharibu wasimamishwe. Lisilorekebishika ndilo lijengewe ukuta, hata aje mwekezaji na mabilioni yake.

Tuanze na sangara. Huyu si mwenyeji. Alitiwa ziwani miaka ya 1950 upande wa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa tena. Hoja ilikuwa ya kiuchumi mia kwa mia: ziwa limejaa furu, visamaki vidogo vya miba visivyo na bei, basi aletwe samaki mkubwa avile na kuvigeuza minofu. Walikuwepo wataalamu waliopinga, hawakusikilizwa. Kama miaka ishirini hivi hakuna cha ajabu kilichoonekana. Kufika miaka ya 1980 sangara akalipuka. Viwanda vya minofu vikajengwa hapa mjini, ndege za mizigo zikawa zinatua, soko la samaki la Mwaloni Kirumba likawa halilali. Sijifanyi kwamba hela ile haikuwa hela. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mtumbwi.

Lakini angalia kilicholipiwa. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na karibu zote hazipatikani kokote kwingine duniani. Kiasi cha miaka 15,000 iliyopita ziwa lilikuwa limekauka, likajaa upya, na aina zote hizo zikachipuka ndani ya muda huo. Kwa wanaosoma baiolojia hilo ni jambo la kushika kichwa. Hapa kwenye Ghuba ya Mwanza timu ya Waholanzi kutoka Leiden ilianza kuwafuatilia furu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo walipoporomoka walikuwa wanaandikwa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba aina kama 200 zilitoweka.

Na sangara hakufanya peke yake. Udongo wa mashamba, mbolea na maji taka vililitia ziwa ukungu wa kijani. Furu jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka haoni, anachanganya, na baada ya vizazi kadhaa aina mbili zinakuwa moja ya rangi ya vumbi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1997 na sehemu yake ilifanywa kwenye visiwa vyetu hivi hivi. Maana yake ni kwamba unaweza kumaliza aina ya samaki bila kumuua samaki hata mmoja. Hiyo hakuna rula inayoipima.

Nimesema rula kwa makusudi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009 tunazijua kwa vitendo: sangara chini ya sentimita 50 kosa, sato chini ya 25 kosa, nyavu za timba marufuku, kokoro (nyavu ya kukokota) marufuku, nyavu ya dagaa isipungue milimita 8. Operesheni Sangara ya 2018 kila mtu wa mwaloni anaikumbuka, nyavu zilichomwa hadharani. Rula ilifika mpaka kantini ya Bunge kule Dodoma Juni ya mwaka ule, wabunge wakaja juu. Tulicheka sana, ila wengine walikuwa wameshafilisika.

Sasa jiulize, rula ile inamlinda nani? Inamlinda sangara akue. Yaani mgeni yule yule. Miaka ya 1990 sangara alipovuliwa kwa fujo, baadhi ya furu wanaoishi katikati ya maji walirudi kwa wingi. Kwa hiyo sheria tunayoiita ya kulinda ziwa ni sheria ya kulinda biashara ya ziwa. Si dhambi, biashara ni ajira. Lakini tusikae semina tukajipongeza kwamba tumelinda bioanuwai.

Huko kwenye bioanuwai yenyewe hakuna mwenye nalo. Kuna furu mwenye mgongo mwekundu wa visiwa vya ghuba yetu, kitaalamu Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu. Wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani wanamjua, wanamzalisha, wanauziana. Nenda Mwaloni uulize nani anamjua.

Turudi kwenye vizimba. Kijana akitaka kuweka vizimba vya sato anahitaji cheti cha mazingira, kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, kibali cha upande wa uvuvi, na barua za kijiji mpaka wilaya. Kizimba ni kitu cha kuelea. Kikileta shida unakivuta, unakitoa, na mkondo wa maji ukisaidia, chini yake panapona baada ya muda. Hilo ni kosa linalorekebishika. Wakati huohuo mtu akileta vifaranga vya mbegu ya mbali, wakatoroka nyavu ikichanika, huwezi kuwaita warudi. Ngege, yaani sato wetu wa asili, ameshachanganywa damu na sato wa kuletwa, waliobaki safi unawapata zaidi kwenye maziwa madogo na mabwawa ya pembeni. Hapo ndipo ningetaka afisa awe mkali kama pilipili. Lakini urasimu wote tumeuweka kwenye mabomba na nyavu, kwenye damu ya samaki tunapita kimyakimya.

Ningeandika mimi kanuni ningeuliza swali moja kwanza: likiharibika, tunaweza kulirudisha, na ndani ya muda gani? Jibu ndilo liamue urefu wa foleni. Ukubwa wa mtaji uje baadaye.

Karibuni.

---

Kahawa_na_Kashata

Nimekaa mbele kabisa. Waje wenye vizimba.

---

Kizimba_Boss

Mwenye vizimba nimekuja.

Mkuu umeandika vizuri ila unatuhubiria furu, na furu halipi marejesho ya mkopo. Nieleze uhalisia. Januari 2024 Rais alipokuja Mwanza kugawa boti na vizimba vya mkopo usio na riba, vijana wengi tuliamka. Kikundi chetu hakikuwa kwenye awamu ile, tukajichanga wenyewe. Tulichokutana nacho: mtaalamu elekezi wa kuandika ripoti ya mazingira anataka hela ambayo ingenunua kizimba kizima na vifaranga vyake. Ofisi moja inakwambia anza na ile nyingine, ile nyingine inakwambia barua ya kwanza iko wapi. Unapiga simu, bosi yuko safari. Msimu unapita.

Tangu kanuni zilivyorekebishwa 2018 miradi imegawanywa makundi, kuna ile ya lazima ifanyiwe tathmini kamili na kuna midogo ambayo inatakiwa iwe nyepesi. Kwenye karatasi safi. Huku chini mtu wa vizimba vinne anaulizwa maswali ya mtu wa vizimba mia.

Halafu kuna kitu hamkisemi. Kila sato anayetoka kwenye kizimba changu ni sato mmoja ambaye hakuvuliwa kwenye mazalia. Watu wa Mwanza wanaongezeka, samaki wa ziwani hawaongezeki. Ukinizuia mimi, unamrudisha kijana kwenye timba usiku. Hapo umelinda nini?

---

Mama_Mwaloni

Mwadila wanangu. Mimi ni muuza dagaa Kirumba, kompyuta ni ya mjukuu.

Ninyi mnaongea sangara na sato kana kwamba ndiyo ziwa zima. Ziwa hili linalishwa na dagaa. Dagaa wa hapa ndiye anakwenda Kongo, Zambia, Malawi mpaka Burundi, na ndiye mboga ya mtu ambaye sangara anamuona kwa macho tu. Na huyo mwenyeji wa ziwa hakuletwa na mtu.

Sasa huyu mtoto wa vizimba anasema anapunguza uvuvi. Chakula cha samaki wake kinatengenezwa na nini? Soya na dagaa. Chakula cha kuku hali kadhalika. Wanunuzi wa viwanda vya chakula cha mifugo wakija mwaloni wanabeba magunia na magunia, wala hawachagui wenye mchanga na wasio na mchanga. Siku hiyo mama wa fungu la mia tano anarudi nyumbani mikono mitupu. Dagaa wa binadamu anageuka mlo wa sato, na sato ni wa hotelini.

Ubunifu siupingi. Zamani tulikuwa na karabai na mafuta ya taa, leo taa za sola, vijana hawaungui mikono. Zamani dagaa tulimwanika mchangani, mvua ya masika ikimkuta ni hasara. Sasa kuna chanja za nyavu, anakauka safi na bei inapanda. Hakuna sheria iliyotulazimisha, bei ilitulazimisha. Wenye sheria wangesaidia chanja zikafika visiwani kote wangeokoa dagaa wengi kuliko wanaookoa kwa kumkimbiza mtu na nyavu ya milimita sita.

---

Kayenze_Ndogo (mleta mada)

Shikamoo mama. Hoja yako ya chakula ni nzito kuliko yangu ya kizimba. Watu wengi wanapima athari za kizimba kwa kuangalia chini ya kizimba, wakati nusu ya athari imeingia kwenye gunia. Na chakula ndicho kinakula zaidi ya nusu ya gharama ya mfugaji, kwa hiyo Kizimba_Boss naye angefurahi kikipatikana kingine. Kuna watu wanafuga funza wa nzi weusi kwenye mabaki ya sokoni kwa ajili hiyo. Huo ni ubunifu ambao sheria ingeufungulia mlango mpana kabisa, hauna hatari ya maana na unapunguza taka.

---

Mzee_wa_Nyegezi

Nimestaafu idara ya uvuvi, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kirefu.

Mleta mada, rula hukuitendea haki. Marufuku ya kokoro haipo kwa ajili ya sangara. Kokoro linakwaruza kina kifupi cha pwani, ndiko sato anakochimba viota na ndiko furu wengi wanakoishi, hasa wa kwenye mchanga na majani. Ukipiga kokoro asubuhi moja kwenye ghuba ndogo unaondoka na mayai, vifaranga na majani yenyewe. Sheria ile ile ya kibiashara inalinda bioanuwai bila kuitaja. Vivyo hivyo maeneo ya mazalia yaliyofungwa, na Rubondo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na maji yake yanahesabika kama kitalu cha samaki wa upande ule.

La pili ni hili wazo kwamba sheria inaua uchumi. Vijana hamkuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilitufungia samaki zaidi ya mara moja. Ikawa habari ya vimelea, ikaja kipindupindu, ikaja habari ya watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, wavuvi wakawa hawana wa kumuuzia. Tulilia kwamba wazungu wanatuonea. Lakini baada ya hapo mialo iliwekewa sakafu na maji safi, barafu ikawa lazima tangu kwenye boti, viwanda vikaanza kufuatilia usalama hatua kwa hatua, na maabara ya samaki hapa Nyegezi ikajengewa uwezo wa kupima wenyewe. Soko lilipofunguliwa tuliuza kwa bei bora. Ile sheria kali ndiyo iliyotufundisha kutengeneza samaki wa kiwango. Kabla ya hapo tulikuwa tunabahatisha.

Mkisema ukali wote ni adui wa ubunifu, waulizeni waliokuwa kiwandani.

---

Kizimba_Boss

Mzee shikamoo. Tofauti ni kwamba kiwanda kilikuwa na mtaji wa kufuata masharti yale. Sisi tunapewa masharti ya kiwanda na mtaji wa mtumbwi.

---

Mzee_wa_Nyegezi

Marahaba. Hapo umesema kweli.

---

Jirani_wa_Mbita

Hamjambo majirani. Niko upande wa Kenya, sisi dagaa tunamwita omena na sangara ni mbuta, lakini maji ni yale yale.

Nataka kumjibu huyu anayesema kizimba ni kitu cha kuvuta tu ukihama. Huku kwetu vizimba vilijaa haraka sana, watu waliweka karibu na ufuo kwa sababu ya usalama na gharama ya boti. Mwishoni mwa 2022 samaki wakafa upande wa Kisumu, watu wakaamka asubuhi wakakuta sato wameelea tumbo juu, mkopo wa benki umeelea nao. Wataalamu walisema oksijeni iliisha. Maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu upepo ukigeuka, na ghuba iliyojaa uchafu wa mji inafanya iwe mbaya zaidi. Miaka miwili kabla ya hapo mbuta walikufa wenyewe bila vizimba, Uganda mpaka kwetu, na watu wakaanza kutafuta nani amemwaga sumu.

Kwa hiyo mtu akikuambia kaweke kizimba mbali, mahali penye kina na mkondo, anakulindia pesa zako. Shida ni kwamba hiyo elimu inafika imevaa sare na imebeba faini.

Tena kuna lingine. Mnaongea juu ya furu wa Nyerere anayeuzwa ng'ambo. Sisi tuna Ziwa Bogoria, lile la maji ya moto. Vijidudu vyake vilichukuliwa na watafiti kutoka nje, kimeng'enya kikatoka humo, kikaingia kwenye sabuni za kufulia na kazi ya kupausha jinzi. Mwaka 2004 serikali yetu kupitia shirika la wanyamapori ikalalamika kwamba mgao haukuja. Uvumbuzi ulikuwa mzuri, ila jamii ya pale Bogoria iliusoma gazetini.

---

Wakili_Kijiji

Naomba nipite hapo kisheria kidogo.

Tanzania iliingia kwenye Itifaki ya Nagoya mwaka 2018. Itifaki yenyewe ilianza kutumika Oktoba 2014 na inasema hivi kwa kifupi: ukitaka kutumia rasilimali za kijenetiki za nchi, omba ridhaa kwanza na mkubaliane mgao. Hao furu waliokwisha kuzalishwa kwenye matangi ya Ulaya tangu zamani, sahau. Kuwadai nyuma ni kesi ngumu sana. Lakini kuna kazi inayoendelea sasa hivi juu ya jenomu za furu, na siku hizi mtu hahitaji kubeba samaki, anabeba mfuatano wa vinasaba kwenye kompyuta. Ndiyo maana nchi zilikubaliana kuwa na mfuko wa pamoja wa mgao wa taarifa hizo, Mfuko wa Cali, ulizinduliwa Februari 2025. Michango ni ya hiari, msishangilie bado.

Nchi nyingine zimejaribu kulegeza. India walikuwa na Sheria ya Bioanuwai ya 2002 yenye vifungo, na wenye viwanda vya dawa na watafiti wakalalamika muda mrefu kwamba inazuia kazi. Mwaka 2023 wakairekebisha. Kifungo kikaondolewa, ikabaki faini. Waganga wa tiba asili waliosajiliwa wakapunguziwa masharti ya taarifa na mgao. Wenye viwanda wakapongeza, wanaharakati wakasema jamii za vijijini zimepokwa. Mimi naona jambo moja la kujifunza na moja la kukwepa. La kujifunza: mtafiti aliyekosea fomu hastahili jela. La kukwepa: faini ikiwa ndogo kuliko faida, kampuni kubwa inaiweka kwenye bajeti kama gharama ya usafiri.

Kuhusu swali la mleta mada la kinachorudishika, lina mizizi kwenye sheria yetu tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inaitambua kanuni ya tahadhari: palipo na hatari ya madhara makubwa au yasiyorekebishika, kukosa uhakika wa kisayansi isiwe kisingizio cha kutochukua hatua. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo imekaa mwanzoni kama dua ya kufungulia kikao. Huku chini kwenye orodha za miradi, kinachohesabiwa ni aina na ukubwa.

Halafu kifungu cha 57 cha sheria hiyo hiyo. Mita 60 kutoka ufukweni, hakuna shughuli ya kudumu ya binadamu. Tembeeni ufukwe wa mji mzima mkapime.

---

Kahawa_na_Kashata

Mita 60 😂😂 Wakili usitafute maneno. Kuna watu bafu lao liko mita sita.

---

Ng'wana_Tarime

Ninyi bado mna bahati, mna ziwa kubwa la kusingizia. Sisi wa Mto Mara, Machi 2022 maji yaligeuka meusi, samaki wakafa, tukaambiwa tusitumie maji. Kamati ikaundwa, ikaja na jibu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Ng'ombe wamekuwepo tangu enzi za babu. Watu hawakuamini, na hata kama kamati ilikuwa sahihi kisayansi, ilishapoteza watu siku hiyo hiyo.

Ninachotaka kusema: mvuvi akikamatwa na nyavu, ushahidi unachomwa mbele yake siku ileile. Uchafu ukitoka juu ya mto, ushahidi unakwenda kamati. Hapo ndipo mtu wa kawaida anapoona sheria ya mazingira ni ya maskini.

---

Kayenze_Ndogo (mleta mada)

Ng'wana_Tarime umegusa penyewe, na hapa mjini tuna wa kwetu. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji ukibeba kila kitu kinachotupwa, unamwaga ziwani. Mvua ya kwanza ya vuli ikipiga, simama darajani uangalie. Kizimba kinatoa uchafu, kweli, lakini ukiniambia kizimba cha vijana wanne ndicho kinalichafua ziwa wakati mitaa mizima ya milimani haina mfumo wa majitaka, nitakuomba tutembee kwa miguu kutoka Bugando mpaka Kirumba halafu ndiyo tuongee.

Na nairudisha kwenye hoja yangu ya furu. Uchafu huo ndio unaochanganya rangi. Ni wa polepole, hauna siku ya tukio, hauna mtu wa kumkamata. Kwa hiyo sheria inamuona mwenye nyavu kwa sababu anaonekana.

Jirani wa Mbita, nimeisoma ya oksijeni mara mbili. Kizimba kinarudishika pale kilipo peke yake kwenye maji yanayotembea. Vikijazana kwenye ghuba iliyofungwa havirudishiki kwa urahisi, kwa sababu udongo wa chini unabeba mbolea ile kwa miaka. Kwa hiyo anayepimwa awe ghuba. Serikali ipime ghuba mara moja kwa hela ya umma, iseme ghuba hii inabeba tani kadhaa, ile haigusi kizimba kwa sababu ni mazalia, ile ya tatu ruksa. Kijana akija anakata nafasi ndani ya hesabu iliyokwishafanywa. Haandiki ripoti ya kurasa mia mbili inayorudia jina la ziwa.

---

Kizimba_Boss

Hapo mkuu nasaini kwa mikono miwili. Sisi hatukatai kupimwa. Tunakataa kila mmoja kulipia kupima maji yaleyale. Luchelele kuna vikundi vimepakana na kila kimoja kimelipa mtaalamu wake, ripoti zinafanana mpaka makosa ya tahajia.

Swali: ghuba ikijaa nani anatolewa? Najua jibu. Anatolewa aliyekuja na mkopo wa kikundi, anabaki aliyekuja na boti ya mwendo kasi.

---

Mama_Mwaloni

Mwanangu hilo ndilo la kuandika kwenye kanuni kabla ghuba haijajaa. Ikishajaa hakuna atakayekusikiliza. Mialoni ilikuwa hivyo hivyo, wanawake wa dagaa tulikuwa na sehemu yetu ya kuanikia, wakaja wenye maghala.

---

Mzee_wa_Nyegezi

Kupima ghuba siyo ndoto. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa Mwanza na kwa miaka mingi wamekuwa wakishiriki kupima wingi wa samaki ziwani kwa vyombo vya sauti pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda, chini ya shirika la uvuvi la ziwa lenye makao Jinja. Utaalamu upo. Kinachokosekana ni agizo kwamba kipimo hicho ndicho kiwe msingi wa kibali, na bajeti ya kukirudia, kwa sababu ghuba inabadilika. Angalieni magugu. Gugumaji tulilipunguza kwa mbawakawa waliozalishwa na kuachiwa ziwani, wadudu tu, bila sumu. Mnadhani tulishinda? Mwanzoni mwa 2025 gugu lingine, salvinia, likafunga njia ya vivuko Kigongo na Busisi, wagonjwa wakakwama majini. Daraja lilipofunguliwa Juni ya mwaka huo watu wakaacha kulitaja, lakini gugu halijasoma taarifa ya uzinduzi.

Na huyo mbawakawa ni mfano mzuri kwa mleta mada. Alikuwa kiumbe mgeni naye. Alijaribiwa kwanza, akathibitika anakula gugu lile peke yake, ndipo akaachiwa. Sangara hakufanyiwa hivyo.

---

Wakili_Kijiji

Mzee, kwa ruhusa yako nitautumia mfano huo. Unajibu wale wanaosema tahadhari maana yake ni kukataa kila kitu kipya.

Kizimba_Boss, kuhusu nani anatolewa: nafasi za ghuba zinaweza kugawanywa mapema kwa asilimia, sehemu ya vikundi vya mialo isiyouzika kwa mtu wa nje. BMU, vile vikundi vya jamii vinavyosimamia mwalo, zipo kisheria tayari. Zipewe na orodha ya vizimba, iwe inabandikwa ubaoni, kila mtu aone ghuba imebakiza nafasi ngapi na nani anazo.

---

Jirani_wa_Mbita

BMU za huku kwetu zingine zimeshikwa na watu watatu na jamaa zao. Bandikeni ubaoni, lakini pia mtoe kopi kwa shule na kwa kanisa na msikiti, maana ubao unaweza kung'olewa usiku.

---

Ng'wana_Tarime

Na kipimo cha oksijeni nani anashika? Kikishikwa na ofisi, samaki wakifa tutaambiwa ng'ombe tena.

---

Kizimba_Boss

Hicho kifaa tunaweza kuchanga vikundi vyote vya mwalo tukanunua kimoja, kinapitishwa alfajiri kizimba kwa kizimba, namba zinaandikwa kwenye daftari la BMU. Alfajiri ndiyo saa mbaya ya oksijeni. Mzee wa Nyegezi, ukija kutufundisha kukitumia boti ya kukuvusha tunayo. Tunataka kabla ya kupandikiza vifaranga vya msimu huu.

---

Mzee_wa_Nyegezi

Nakuja. Lakini daftari liwe mawili, moja libaki kwa Mama_Mwaloni.

---

Mama_Mwaloni

Lileteni. Nalifungia kabatini na vitabu vya vikoba, na anayetaka kusoma aje asome hapahapa mbele yangu.